Nyumba Mbili za Faraja

Nilifikaje nchi ya Karibuni, hilo msiniulize. Kila msafiri ana hadithi ya njia aliyopita na miguu ilivyomvimba, na wasikilizaji huishia kusinzia. Mimi nitasema tu kwamba nilifika, nikiwa na kanga za kubadilisha, habari moja mbaya, na hasira zangu za kawaida, ambazo wanaonijua wanazijua.

Habari yenyewe ni hii. Kaka yetu Shomari alikuwa amefariki. Tulizaliwa watatu: Shomari, mimi Mwatime, na kitinda mimba wetu Mwanamkasi. Shomari nilimzika na majirani, na majirani hawana lawama, walileta mchele, walisoma hitima, kisha wakakunja mikeka yao wakaenda. Nikabaki na nyumba. Nilitaka kulia, machozi yakawa hayaji. Kulia nako kunataka mwenzio anayejua mnamlilia nani, anayekumbuka Shomari alivyokuwa akikoroma usiku kucha na asubuhi akaapa kwamba hakoromi. Mtu huyo duniani alikuwa amebaki mmoja tu, naye ni Mwanamkasi, na Mwanamkasi alikuwa Karibuni.

Alikwenda huko akiwa bado msichana. Serikali ya Karibuni ilikuwa imejenga Nyumba ya Faraja, mahali pa kuwapokea waliofiwa na wenye majonzi, ikawa inatafuta mtu wa kukaa ndani yake. Mwanamkasi wetu tangu utotoni ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye misiba akae na mfiwa. Hakuwa na maneno mengi, ila akikaa pembeni yako unajikuta unapumua. Wakamchukua. Tangu hapo hatukusikia neno lake, na mimi nilimwekea kinyongo, nikidhani ametusahau.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile, maana bila hiyo hamtanielewa. Karibuni hakuna kutembea mpaka nyumbani kwa mtu. Unasimama mahali panapoitwa Mdomo wa Njia, uwanja mtupu wenye viti vya mawe, unasema kwa sauti, "Hodi, nyumba ya," kisha unataja neno moja. Neno moja tu. La pili ni kosa. Hodi yako inaondoka bila wewe. Inapita mlango kwa mlango, kwa mfuatano uliowekwa na serikali, na katika kila mlango yupo mwitikaji anayejua maneno ya nyumba yake. Akisikia si yake, ananyamaza, hodi inasonga mbele. Akisikia ni yake, anasema "Karibu," na papo hapo wewe umefika, umesimama ukumbini mwake. Na hodi ikishaitikiwa imekufa, milango iliyo nyuma haiisikii kamwe. Ukitoka katika nyumba yoyote, unajikuta tena Mdomo wa Njia.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu ndiye aliyenieleza hayo. Niliona ni utaratibu mzuri kuliko wa kwetu, ambako unaweza kupiga hodi mpaka koo likakauka na mwenyewe anakuchungulia dirishani. Nikajifunga kanga vizuri, nikasimama.

"Hodi, nyumba ya Faraja."

"Karibu," ikaja sauti ya mwanamume.

Nilijikuta kwenye ua mpana uliozungukwa na milango mingi, yote imefungwa. Katikati ameketi mwanamke juu ya kiti kirefu. Hakuniuliza jina wala shida. Alivuta pumzi akaita "Faraja!" kwa sauti ya kuamsha mji, na mlango mmoja wa mbali ukafunguka. Akatoka mwanamume mrefu, mwembamba, anajifuta mikono kwa kitambaa, akaniashiria niingie. Chumba chake kilijaa visu. Visu vya jikoni, mapanga, shoka, vimeegemezwa ukutani kote, na katikati gurudumu la kunolea. Nikajiambia, Mwatime, umekuja kufarijiwa au kuchinjwa?

"Umefiwa na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, na wala sikumpunguzia makali, kwamba simjui na sikuwa nimemtafuta. Namtafuta mdogo wangu, mhudumu wa Nyumba ya Faraja, na kama hii ndiyo nyumba yenyewe basi naomba kumwona mkubwa wake.

"Najua," akasema. "Hakuna anayenitafuta mimi. Kaa, mama."

Faraja lilikuwa jina lake. Alipewa na mama yake aliyempata uzeeni, baada ya kukata tamaa. Kazi yake ilikuwa kunoa visu na mapanga ya serikali. Kapu la visu butu lililetwa mlangoni, kapu la visu vikali likachukuliwa, na mleta kapu hakuwa na ruhusa ya kuzungumza. Alinieleza mambo ya nchi yake huku akichemsha chai ya mchaichai, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaeleza mara nyingi.

Pale nilipokuwa palikuwa Nyumba ya Fulani. Serikali iliijenga ili raia wote wapatikane mahali pamoja. Mwitikaji wake alifundishwa kuitikia maneno "nyumba ya fulani," naye kwa kuwa ni mtumishi mtiifu akaelewa kama wewe na mimi tunavyoelewa, kwamba fulani ni yeyote. Sema nyumba ya nani, sema nyumba ya nini, kwake huyo ni fulani, anasema karibu. Mwita majina, yule mwanamke wa kiti kirefu, naye analiita neno lako uani. Akiwepo raia mwenye jina hilo, huyo ndiye mwenyeji wako, utake usitake, na mlango mwingine humo haukufungukii. Asipokuwepo, unaambiwa "Hayupo," na unatolewa. Lingekuwa jambo dogo kama nyumba hiyo ingewekwa mwisho wa njia, ikaokota wale ambao hakuna mlango mwingine uliowaitikia. Lakini iliwekwa mbele.

Basi fikirini wenyewe. Nyumba ya Matibabu iko nyuma ya Fulani. Mgonjwa anasema hodi, nyumba ya Matibabu, mwita majina anaita "Matibabu!" vizuri kabisa, anasikiliza, anasema, "Hayupo." Waganga wako huko nyuma wameketi na makoti yaliyopigwa pasi, wanaamini wananchi wana afya ya ajabu. Nyumba ya Malalamiko nayo iko nyuma, na kila mwaka serikali hutangaza kwa fahari kwamba haijapokea lalamiko hata moja. Na wajawazito ndiyo usiseme. Mmoja alishikwa na uchungu pale uani huku jina la Uzazi likiitwa, akajifungulia mkekani, na watu kwa furaha wakampa mtoto jina hilo hilo, Uzazi. Tangu siku hiyo kila mwenye uchungu hupelekwa kwa huyo mtoto. Sasa ni mtu mzima, seremala, na anajua kukata vitovu kuliko mbao, ingawa hakuomba utaalamu huo.

Yeye mwenyewe, Faraja, mgeni wake wa kwanza alikuwa mjane. Alimwambia amekosea nyumba, akamfungia mlango. Yule mama akakaa kizingitini akalia, na kilio hakichagui kizingiti. Faraja akatoa kiti. Kisha akatoa chai. Wa pili alipokuja, kiti kilikuwa bado kiko nje. Waliokuja baada ya hapo aliacha kuwaambia wamekosea, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda.

"Huyo kaka yako," aliniuliza, "alipenda kula nini?"

Swali gani hilo la kumwuliza mfiwa? Watu huniuliza aliugua nini, ameacha nini, mirathi imekaaje. Nikasema alipenda mihogo ya nazi na papa mkavu, na papa akikosekana ananuna kama mtoto. Faraja hakuwa na papa. Alimenya mihogo, akakuna nazi, akapika kimya kimya, na alipoweka sahani mbele yangu akasema tu, "Leo anune." Hapo ndipo machozi yalipokuja. Nililia mpaka kamasi, mbele ya mwanamume nisiyemjua aliyezungukwa na mapanga, naye akaendelea kula taratibu ili nisione haya.

Lakini hakuwa Mwanamkasi. Alinifariji, nasema kweli yangu, lakini hakumjua Shomari, na mimi nilikuwa na habari ya kufikisha kwa mtu mwenyewe. Nilirudi Mdomo wa Njia nikajaribu maneno mengine. Nyumba ya Mwanamkasi: hayupo, kwa kuwa si raia. Nyumba ya Dada: wakajitokeza wanawake watatu, kila mmoja akiamini ni yeye, na mmoja akanigandia mpaka nikamkemea. Nyumba ya Majonzi, hayupo. Nyumba ya Kilio, akatoka bwana mmoja mchangamfu sana, aliyezaliwa siku ya matanga. Kila nilipotolewa nilijua mdogo wangu yuko huko huko, nyuma ya sauti ya yule mwitikaji mtiifu, na kwamba hodi yangu haikuwa imefika masikioni mwake hata mara moja. Nilikaa kwenye jiwe. Niliwahi kuwa mpweke nyumbani kwangu, lakini huu ulikuwa upweke wa namna nyingine, wa kukaribishwa na kila mtu asiyekuwa wangu.

Nikarudi kwa Faraja, naye ndiye aliyenipa njia. Katika nchi nzima ulikuwapo mlango mmoja uliowahi kusogezwa mbele ya Fulani, nao ulikuwa Nyumba ya Kodi. Zamani ulikuwa nyuma kama mingine. Wananchi wakawa wanapiga hodi nyumba ya Kodi kwa uaminifu mkubwa, wanaambiwa hayupo, wanarudi makwao wakiimba. Serikali iligundua mapema, na mlango ukahamishwa kabla jua halijazama, bila mjadala. Humo ndimo lilimokutana Baraza la Mfuatano, chini ya Mkuu wa Mfuatano, Bwana Ngwali. Nikapiga hodi nyumba ya Kodi. Nilikaribishwa kwa bashasha.

Bwana Ngwali alikuwa mtu mnene wa sauti laini, mwenye tabia ya kufumba macho unapomwambia jambo la kweli. Nilimweleza yote. Alisema amesikitika. Alisema pia kwamba kwa utaratibu lalamiko langu linapaswa kupelekwa kwanza Nyumba ya Malalamiko. Nikamwuliza kama amewahi kufika huko. Akafumba macho. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia siondoki, na kama ana askari wa kumbeba mwanamke wa umri wangu awalete. Jambo hilo halikuwa na kifungu katika sheria zao, basi wakaita baraza.

Mjadala ule niliusikiliza wote na nitauripoti bila kuongeza chumvi. Mjumbe mmoja alisema Fulani ni nyumba kubwa kuliko zote, na mkubwa hatanguliwi. Mwingine akapendekeza milango miwili iitikie kwa pamoja. Akakumbushwa kwamba ilikwisha kujaribiwa: mgeni mmoja alipata karibu mbili kwa wakati mmoja, akashindwa kujua aende kwa nani, na yuko Mdomo wa Njia mpaka leo. Kweli nilikuwa nimemwona, nikidhani ni mlinzi. Wa tatu alitaka watu wakatazwe kuwa na majina yenye maana. Mimi nikaomba kusema.

"Mwenye jina lake mwenyewe atangulie," nikasema. "Anayeitikia jina la kila mtu akae mwisho. Hilo tu. Hata kuku wa kwangu wangelielewa."

Bwana Ngwali akanijibu kwa upole. Fulani, alisema, anampenda kila mtu. Hambagui mgonjwa wala mzima. Je, nilitaka nyumba yenye ukarimu kiasi hicho iwekwe nyuma ya mlango unaowapenda wajawazito peke yao? Baraza likapiga meza. Nikamwambia kwamba anayesema karibu kabla hajajua anaitwa nani si mkarimu, ana mdomo tu. Hawakupiga meza.

Nilikuwa nimekwisha kushindwa. Nilijua hivyo kwa jinsi walivyoanza kukusanya fimbo zao na kutazamana. Ndipo karani wa baraza, ambaye hakuwa amesema lolote, akasema kwamba nchi nyingine hupanga mambo kwa alfabeti, na haina upendeleo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona herufi ikila rushwa. Loo! Furaha iliyozuka humo sijaiona hata kwenye harusi. Watu wa Karibuni hupenda sana kanuni isiyohitaji kufikiri. Wakahesabu kwa vidole: Adhabu ingetangulia, ifuate Bunge, na kadhalika, hadi kwenye F. Faraja, kisha Fulani. Mtu akauliza kwa hofu kuhusu Kodi. Bwana Ngwali akasema Kodi haina herufi, ibaki mbele ilipo.

Nami nilikuwa na akili za kutosha kuona. Malalamiko, Matibabu na Uzazi wangebaki nyuma ya Fulani kama zamani. Wanawake wangeendelea kujifungua kwa seremala. Nilifungua mdomo niseme, lakini Faraja yangu ilikuwa imepita, na nikahofu nikigusa uzi mmoja watafumua nguo yote. Nikaufunga mdomo. Sheria ikataka raia mwenye kuguswa aulizwe. Wakamwita Faraja kwa amri ya baraza, ambayo haitolewi ila kwa shauri la sheria.

Alikuja na shati safi. Bwana Ngwali akamweleza kwamba kuanzia sasa hodi za Faraja zitakomea kwenye Nyumba ya Faraja, hazitamfikia tena, akamwuliza kama ana pingamizi.

"Wageni si wangu," akasema Faraja. "Wapelekwe kwao."

"Hutapungukiwa na kitu?"

"Nitapungukiwa na kelele."

Watu wakacheka, mimi pia nikacheka. Nilikuwa na haraka. Nilimshika mkono, nikamwambia Mungu amlipe, na sikumbuki alinijibu nini, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kugeuka.

Milango ilihamishwa siku ile ile. Nikasimama Mdomo wa Njia, nikajitengeneza kanga kama msichana anayetolewa mbele za wakwe, nikasema, "Hodi, nyumba ya Faraja."

Palipita muda. Kisha ikaja sauti iliyokwaruza, ya mtu ambaye hajasema siku nyingi.

"Karibu?"

Alisema hivyo, kama swali. Nilimkuta amesimama katikati ya ukumbi mkubwa uliopangwa viti vitupu, ufagio mkononi. Mwanamkasi wetu. Nywele zote nyeupe, mgongo umeinama kidogo, macho yale yale. Aliniangalia kama anayehofu kupepesa. Tulishikana bila kusalimiana, na ufagio ukaanguka, na kinyongo changu chote sikukiona kilikokwenda.

Alinieleza maisha yake kwa maneno machache, kwa kuwa hayakuwa na mengi. Kila asubuhi alifuta viti. Kila asubuhi alikaa akisikiliza hodi. Kwa miaka yote ile haikuja hata moja. Mwanzoni alidhani watu wanaona haya. Baadaye akaamua jambo jingine.

"Nilidhani nchi hii haina msiba, dada," aliniambia. "Nikasema basi kilio ni changu peke yangu. Nikaona aibu hata kuwaandikia."

Nikampa habari ya Shomari. Alikaa kwenye kimojawapo cha viti vyake. Akauliza kama mpaka mwisho aliendelea kukataa kwamba anakoroma. Nikasema ndiyo, mpaka hospitali, aliwasingizia wagonjwa wengine. Mwanamkasi akacheka, kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, na mimi nikalia naye, na safari hii tulijua tunamlilia nani. Nilichokifuata Karibuni nilikipata. Sina la kumdai Mungu.

Kesho yake hodi zikaanza kumiminika. Wajane, wazazi waliozika watoto, mzee mmoja aliyefiwa na punda wake wa zamani akaona haya kusema mpaka Mwanamkasi alipomwuliza jina la punda. Ungemwona mdogo wangu! Sauti yake ilirudi, mgongo ukanyooka. Kila ilipokuja hodi alisema karibu kwa uso unaong'aa, na viti vile vitupu vikapata watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo nimeusema maisha yangu yote kwa mazoea, nikauona kwa macho mara ile moja.

Nilimsimulia habari za mnoa visu, alivyonipikia. Mwanamkasi akasema haiwezekani mtu akakufanyia kazi yako miaka yote ile na usimpelekee hata sahani ya chakula. Akapika mihogo ya nazi, na papa safari hii alipatikana. Akafunika bakuli kwa kawa, akanipa.

Nikatoka mpaka Mdomo wa Njia, bakuli mkononi. Nikasema, "Hodi, nyumba ya Faraja."

"Karibu!" akaitikia Mwanamkasi, na nikawa niko mbele yake. Akacheka, akauliza nimesahau nini.

Sikucheka. Nilitoka tena. Nikajaribu nyumba ya Mnoaji. Ua wa Fulani, kiti kirefu, "Mnoaji!", hayupo. Nilitaka kukimbilia ule mlango wa mbali, maana niliujua, nikajikuta nje kabla sijainua mguu. Nikajaribu nyumba ya Visu, hayupo. Niliporudi mara nyingine nilimsihi mwita majina anifanyie hisani amwite Faraja, yupo pale, hatua chache tu. Alinijibu kwamba yeye huita neno lililoletwa na mgeni. Nikileta Faraja, ataita Faraja.

"Lakini Faraja haifiki hapa tena," nikamwambia.

"Basi hayupo," akasema, na nikatolewa.

Nikarudi kwa mdogo wangu na bakuli langu. Hakucheka safari hii. Alitazama bakuli, akanitazama mimi, akakaa chini polepole. Mwanamkasi si mjinga.

"Ni mimi," akasema. "Karibu yangu ndiyo inayomfungia."

Sikuwa na la kumficha. Tulikaa tukimfikiria yule mtu chumbani mwake, kapu la visu linaletwa, kapu linachukuliwa, mleta kapu hasemi. Alijua. Siku ile barazani, na shati lake safi, alijua, na aliulizwa mbele ya watu akasema wapelekwe kwao. Mimi ndiye niliyecheka.

Mwanamkasi akanishika mkono. Akasema kuna njia. Kuuacha mlango wake mwitikaji hana ruhusa, lakini akinyamaza, hodi husonga mbele. Ndivyo ilivyo kwa milango yote. Niende, nipige hodi, yeye anaijua sauti yangu. Atanyamaza. Hodi itapita mpaka kwa Fulani, na Fulani ataitikia, na Faraja ataitwa. Mara hii moja tu, apate chakula chake na asikie asante. Mtu aliyengoja hodi maisha yake yote alikuwa ananiambia ataiacha moja ipite. Nilimbusu kichwani.

Nikaenda nikasimama. Watu walikuwa wachache. Nikasema, polepole, ili asikosee sauti, "Hodi, nyumba ya Faraja."

Kimya.

Hodi yangu ilikuwa imefika mlangoni kwake, hilo nilijua, na ilikuwa inangoja pale. Niliona kama namwona, amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nikawa nahesabu pumzi zangu, nikisema moyoni, ipite, mdogo wangu, iache ipite. Nilikwisha kuanza kuamini.

"Karibu," ikaja sauti yake.

Nilimkuta mikono yote miwili iko mdomoni, machozi yanachuruzika juu ya vidole.

"Imenitoka, dada," akasema. "Nilikuwa nimenyamaza, wallahi nilinyamaza. Nikasikia ni hodi, ikanitoka."

Tulijaribu tena, na tena baada ya hapo. Kila mara alinyamaza muda mrefu kidogo kuliko mwanzo, na kila mara ilimtoka. Sikumgombeza, mimi ambaye hugombeza hata paka. Mwishowe nikaliweka bakuli chini. Mihogo ilikuwa imekwisha kupoa. Tukaila hivyo hivyo, na ilipokuja hodi nyingine Mwanamkasi akajifuta uso, akainuka, akaiitikia.